Sukari Kwenye Supu

Wiki iliyopita umeme ulipotea mtaani kwetu, na jirani yangu akatoa pasi ya makaa ambayo haikuwa imeguswa tangu mama mkwe wake afariki. Alikuwa barazani akipiga pasi shati la mumewe lililolowekwa kwenye maji ya wanga. Ule mvuke ukavuka ua, ukanikuta nimekaa na chai yangu. Chai sikuimaliza. Wanga na makaa ni harufu ya baba yangu. Watu wengine wakipatwa na harufu za wazazi wao waliotangulia husikia huzuni. Mimi kwanza husikia aibu, uso wangu ukipata moto kama wa msichana wa shule. Huzuni huja baadaye.

Baba alikuwa mpishi. Kabla ya Uhuru alipika kwa Wazungu upande wa Likuyani, kwenye shamba la mahindi ambalo mtoto hakuweza kuona mwisho wake. Sisi tulikaa kambini kwa wafanyakazi, kwenye nyumba za udongo zilizopangwa mstari bondeni, na kila alfajiri yeye alipanda kwenda nyumba kubwa akiwa na kanzu nyeupe iliyosimama kwa wanga na mshipi mwekundu kiunoni. Kwa muda mrefu niliamini kwamba shamba lile lilikuwa lake na wale Wazungu walikuwa wageni wake. Sikuambiwa na mtu. Niliona tu kwamba yeye ndiye anayewapa chakula, na kwetu anayelisha wageni ni mwenye nyumba. Nilishangaa kwa nini wageni wale hawakuwa wakiaga kurudi kwao.

Mwishowe waliaga. Uhuru ulikuja, Bwana na Memsahibu wakauza wakaondoka, shamba likakatwa vipande wakapewa watu, na baba akapata chake, ekari kadhaa kwenye udongo uleule aliokuwa akiukanyaga kwenda kazini. Alining'ang'ania nisome. Nilipoitwa Fomu ya Tano kwenye shule ya wasichana ya bweni, nje kidogo ya mji wa Kakamega, wazee walimwambia kwamba nimesoma vya kutosha, kwamba hata mahari yangu itaanza kushuka. Aliwapa chai, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akanipeleka shuleni mwenyewe, sanduku langu begani.

Nyinyi wa rika langu mnakumbuka Fomu ya Tano ilivyokuwa. Tulijiona wanawake wa nchi mpya. Darasa letu la Fasihi lilikuwa dogo, tukikaa karibu na madirisha yaliyotazama upande wa msitu, na mvua ilipokuja tuliisikia kwanza huko mbali kwenye majani kabla haijafika kwenye mabati yetu. Mwalimu wetu alikuwa Mwingereza kijana, Miss Pell, mwembamba, mwenye vidole vyenye wino, na alikuwa mwalimu mzuri. Lazima niliseme hilo, maana baadaye sitamsema vizuri. Ndiye aliyetufundisha kwamba riwaya haisomwi kama habari ya gazeti. "Msiniambie kilichotokea," alikuwa akisema. "Niambieni kwa nini mwandishi amekiweka hapo." Wengine walihangaika na jambo hilo. Mimi lilinikaa kama nguo iliyokatwa kwa kipimo changu. Nilikuwa nikilala na riwaya chini ya mto, nikiamka nikijua mhusika fulani amewekwa kwa ajili gani. Sifa za Miss Pell zilininenepesha kuliko ugali wa shule.

Muhula mmoja alileta riwaya ambayo haikuwa ya mtihani. Alikuwa ameandika Uingereza kuomba nakala, zikaja kwenye kasha, bado zinanukia gundi. Alitueleza kwa furaha kwamba aliyeiandika ni mwanamke aliyewahi kuishi na mumewe huku kwetu, si mbali, na kwamba kwa mara ya kwanza tungefanya uchambuzi wa riwaya ambayo mandhari yake tunayajua kwa macho.

Niliyajua kweli. Kufikia mwisho wa sura ya kwanza nilikuwa nimeshaitambua nyumba kubwa, kengele ya shaba iliyoning'inia kwenye mti, na mbwa mweupe mwenye jicho moja. Kwenye sura ya pili akaingia mpishi. Mwandishi alikuwa amempa jina jingine, lakini kovu la mafuta ya moto kwenye mkono wa kushoto alikuwa amemwachia. Kanzu na mshipi pia alimwachia. Na ulimi wake.

Mnajua ndimi za kwetu. Ra na la kwetu ni watoto wa tumbo moja, mmoja akiitwa huitika mwingine. Sisi wasichana wa shule tulikuwa tumejifunza kuzitenganisha kwa nguvu, na aliyeteleza alichekwa bwenini mpaka alie. Sasa mpishi yule wa kitabuni, kila alipoharibu kitu, na aliharibu kila kitu, alikuwa akitokea mlangoni na kutangaza, "Yote tayali, Memsahibu." Nyama imeungua: yote tayali. Paka amelamba maziwa: yote tayali. Miss Pell alisoma sehemu hizo kwa sauti, akiiga kidogo, bila ubaya, na darasa likavunjika mbavu. Rafiki yangu Rispa, tuliyekaa naye dawati moja, alicheka mpaka akalaza kichwa mezani.

Sura iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya supu. Siku ya Jumapili, Memsahibu amealika wageni wakubwa baada ya kanisa, na mpishi anatia sukari badala ya chumvi. Wageni wanaonja, wanatazamana, mmoja anaanza kucheka, wote wanacheka mpaka machozi, na mpishi amesimama pale na bakuli lake, hajui kitu.

Mimi sikucheka. Nilitazama mstari mmoja mpaka herufi zikaacha kuwa herufi. Kilichoniumiza wakati ule, na ndicho ninachokionea haya mpaka leo, si kwamba walikuwa wakimcheka baba. Ni kwamba nilimwona kama walivyomwona. Yule mwenye nyumba wa utoto wangu, anayelisha wageni, alitoweka pale darasani. Mahali pake akabaki mtu wa kuchekwa mwenye bakuli.

"Yote tayali" ikawa salamu ya shule. Kengele ya chakula ikilia, mtu anaita, "Yote tayali," na foleni nzima inacheka. Niliomba Mungu muhula uishe.

Muhula haukuisha kabla ya siku ya wazazi. Baba alikuja kwa basi kutoka Likuyani, amevaa koti la kijivu lenye mikono mifupi na shati lililopigwa pasi mpaka linang'aa. Alikuwa mtu mrefu, na kwenye lango la shule alitembea ameinama kidogo kama anayepita mlango mfupi. Tuliketi kwenye nyasi nyuma ya bweni. Rispa na wasichana wengine wawili ambao hawakuwa wametembelewa walikuja nami, maana desturi yetu ilikuwa kugawana. Baba alitandika kitambaa, akakivuta pembe hadi kikakosa hata kunyanzi moja, akafungua majani ya mgomba. Obusuma, ugali wa kwetu, ilikuwa bado na uvuguvugu, na ingokho, kuku wetu, ilikuwa imekatwa vizuri, minofu huku, paja huku, kama ya meza kubwa. Aliitazama kazi yake, akarudi nyuma hatua moja, mikono mgongoni.

"Haya, binti zangu," alisema. "Yote tayali."

Msichana mmoja alitoa kicheko kabla hajakiziba kwa kiganja. Rispa alinitazama mimi, kisha akatazama mkono wa baba, wa kushoto, wenye kovu. Niliona uso wake unavyobadilika.

"Mnacheka nini?" Baba aliuliza, na yeye akitabasamu. "Kuku amekosa mguu?"

"Hapana, Baba," alisema yule msichana, mdogo wetu, asiyeelewa bado. "Ni kitabu chetu cha darasani. Kuna mpishi anasemanga hivyo hivyo."

"Mpishi? Nani aliandika?"

Ikabidi nijibu mimi. "Memsahibu, Baba. Yule wetu. Aliandika kitabu kuhusu shamba."

Alikaa chini polepole. Alipangusa vidole kimoja kimoja ingawa hakuwa ameshika chakula. "Aliniandika mimi?"

"Ndiyo."

"Hebu nisomee."

Nilisema kitabu kiko mbali. Yule mdogo akasema atakimbia kukileta, akakimbia kweli. Kilipofika mikononi mwangu kilijifungua chenyewe kwenye sura ya supu, kwa jinsi tulivyokuwa tumeifungua mara nyingi. Baba aliweka mikono magotini. Nikaanza kumtafsiria kwa lugha yetu.

Sikumsomea kilichoandikwa. Nilipitisha kidole kwenye mistari ya Kiingereza nikasema mambo mengine. Nilisema kwamba kulikuwa na mpishi mrefu, mwenye mikono safi, ambaye wageni walikuwa wakitoka mbali kwa ajili ya supu yake. Kila msichana pale alikuwa anakijua ukurasa ule kwa kichwa, na nilingoja mmoja acheke. Nikakwama.

"Umeruka mstari," Rispa alisema. Aliinama juu ya kitabu akaweka kidole. "Hapa. Panaposema wageni walisimama wakamshukuru."

"Walisimama?" Baba aliuliza.

"Walisimama wote, Baba," Rispa alisema. "Hata wale wazee."

Baba alitikisa kichwa taratibu. "Mungu ambaliki kwa kunikumbuka," alisema, akatuambia tule kabla chakula hakijapoa. Tulikula. Tangu siku ile sikumsikia mtu yeyote shuleni akisema yote tayali. Nadhani Rispa alipita vitanda vyote vya bweni akiwaonya, lakini sikumuuliza.

Alasiri nilimsindikiza baba barabarani kungoja basi. Tulisimama kando, miwa ya watu ikiwa nyuma yetu. Akasema bila kunitazama, "Yule mama hakuandika hivyo."

Nilijifanya natazama kama basi linakuja.

"Nilisimama nyuma ya viti vyao miaka hiyo yote. Kusema Kizungu chao siwezi, lakini kusikia nilisikianga. Hakuna siku walisimama kwa ajili ya mpishi." Alivuta mikono ya koti ifike vifundoni, haikufika. "Umesoma vizuri. Umenisitiri mbele ya wenzako. Sasa niambie alivyosema."

Nilimwambia. Nilimwambia yote, nikitazama vumbi, na nilipofika kwenye sukari niliongea upesi ili ipite. Hakukasirika.

"Hiyo ya sukari ni kweli," alisema. "Nilitia sukari. Ni ile siku ya mtoto."

"Mtoto gani?"

Alinigeukia. Nadhani alifikiri ninajua. Kwetu nyumbani ilijulikana tu kwamba kati yangu na mdogo wangu Petro palikuwa na mtoto ambaye hakukaa, kama ilivyokuwa katika nyumba nyingi, na jambo hilo halikuwa likizungumzwa. Baba akanieleza pale kando ya barabara. Mtoto alikuwa na homa tangu Ijumaa. Jumapili asubuhi alimwomba Memsahibu ruhusa ashuke kambini, naye akamwambia amalize kwanza chakula cha wageni, kisha aende.

"Hakuwa mtu mbaya," baba alisema. "Hakujua atakufa. Hata mimi sikujua. Halafu mama yako akakutuma wewe na mtoto wa jirani, mje kuniambia amezidiwa. Ulisimama hapo kwa mlango wa jikoni ukaniambia, 'Baba, mtoto amegeuza macho.' Mimi nilikuwa na kijiko mkononi."

Siku ile ninaikumbuka. Ninaikumbuka vizuri kuliko siku zote za utoto wangu, na nilikuwa nimeisimulia bwenini mara nyingi, kwa sababu ndiyo siku niliyokula keki kwa mara ya kwanza. Msaidizi wa jikoni alinipa kipande chenye sukari nyeupe juu. Kutoka ndani zilikuja sauti za Wazungu wakicheka, kicheko kikubwa cha watu wengi, nami nikaona kwamba ni sikukuu. Kisha baba akatoka mlango wa nyuma, akaegemea ukuta, akajifunika uso kwa kanzu, na mabega yake yakawa yanaruka. Nilijua anacheka pamoja nao. Nami nikacheka, kinywa kimejaa keki.

"Ulimkuta hai?" nilimuuliza.

"Hapana."

"Memsahibu alijua? Baadaye, alijua?"

"Alijua. Yeye ndiye alitoa mbao za sanduku. Mbao nzuri, za kasha lililoleta vyombo vyake kutoka ng'ambo." Alifikiri kidogo. "Alikuja mpaka kwa kaburi. Alilia."

Basi lilifika. Alinipa mkono, akaniambia nisome kwa bidii, akapanda.

Wiki iliyofuata Miss Pell alitupa insha: mchango wa mpishi katika ucheshi wa riwaya. Wenzangu walitaka kumwambia, lakini niliwakataza. Sikuwa tayari kusimama mbele ya mwalimu niliyempenda na kusema, huyo ni baba. Nikaandika insha. Niliandika kwamba siku ya supu mpishi alikuwa na mtoto mgonjwa, kwamba alikuwa ameomba ruhusa akaambiwa asubiri, kwamba bibi wa nyumba alilijua jambo hilo alipokuja kuandika na akaliacha nje, na kwamba bila kuliacha nje sura ile isingeweza kuchekesha. Niliandika kwa Kiingereza changu bora. Naamini mpaka leo kwamba ule ndio uchambuzi wa kweli pekee niliowahi kufanya.

Ilirudi na alama ya chini kuliko zote nilizopata. Kwa wino mwekundu, kwa mwandiko wake wa upole, alikuwa ameandika kwamba haya hayamo kitabuni.

Hakuishia hapo. Alitaka darasa lijifunze. Aliniita nisimame. "Ni kazi ya kuvutia," alisema, "lakini msomaji hana ruhusa ya kuongeza. Mtoto huyu umemtoa ukurasa gani?"

Wasichana wote walitazama madawati yao. Rispa alinigusa kiatu kwa kiatu chake chini ya dawati, akitaka niseme. Niliona kwamba nikisema, kila kitu cha baba, kovu na ulimi na mtoto, kitawekwa pale mezani na kuchambuliwa, na Miss Pell atanionea huruma. Huruma yake niliiogopa kuliko kicheko.

"Hakuna ukurasa, Miss," nilisema.

"Vizuri," alisema. "Ndivyo ilivyo." Nikaketi.

Likizo ilipofika nilimkuta mama nyumbani anapukuchua mahindi uani, gunia limetandikwa, magunzi yakianguka upande. Niliketi nikamsaidia. Nilipukuchua hadi vidole vikauma ndipo nikapata nguvu ya kumuuliza yule mtoto aliitwa nani.

Hakuinua macho. "Baba yako alikuambia?"

"Ndiyo."

"Aliitwa Eliabu." Alichukua hindi jingine. "Alikupenda sana. Jina lako lilimshinda kutamka, akawa anakuita Lala. Ukienda mtoni alikuwa anakaa kwa mlango akilia Lala, Lala, mpaka urudi. Hukumbuki?"

Niliacha kupukuchua. Nilitafuta. Keki niliipata, na jicho la mbwa mweupe, na kengele ya shaba kwenye mti. Riwaya ya Memsahibu niliweza kuisimulia ukurasa kwa ukurasa, mlango upi ulifungukia wapi, nani aliketi kiti kipi. Nilitafuta mtoto mlangoni, sikumwona.

"Nakumbuka, Mama," nilisema.

Mama alitabasamu, akaendelea na mahindi yake.